Toroli la Rehani

Kidole cha Mama Cherehani bado kimo ukutani.

Ndiyo, msomaji wangu, tangu wiki iliyopita. Wewe umekula, umelala, umegombana na jirani na mmeshapatana. Yeye tulimwacha amesimama kwenye chumba kipya cha mbele, kidole cha shahada kimezama kati ya tofali na tofali, macho yamemtoka kama vifungo vya koti.

Na kama gazeti lile lilikupita, au lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, usijali. Mama Cherehani ni fundi wa nguo. Kibanda alichopanga miaka yote kinabomolewa na mwenye kibanda. Vyerehani vyake vimerundikwa uani chini ya turubai, na chumba hiki anachokiongeza mbele ya nyumba ndicho kitakuwa karakana yake. Hana kingine. Leo ndiyo siku ya kumwaga linta, ule mkanda wa zege unaokaa juu ya ukuta na kubeba paa.

Na ukuta wenyewe unaingia kidole.

Akakichomoa. Mchanga ukakifuata, ukamiminika mpaka kwenye kandambili.

"Wifi! Wifi, njoo uone!"

Wifi ni dada wa mumewe, mwanamke aliyekuja kusalimia kwa wiki moja tangu mvua za mwaka juzi, na ulimi wake haujawahi kuchukua likizo. Alikuja na kikombe cha chai mkononi. Akalitazama tundu, akakitazama kidole.

"Hongera," akasema. "Wenzako wanajenga nyumba, wewe umejenga keki."

"Huu ni wakati wa mzaha?"

"Wala si mzaha. Keki ingekuwa na mayai, ingeshikana."

"Amekula saruji yangu huyu fundi! Si nilisema? Kila siku mifuko inapungua stoo. Nikimuuliza, 'Imeingia ukutani, mama.' Ukutani wapi? Huu ukuta una saruji au una mchanga na dua? Halafu juzi hana haya, ananidai nyongeza ninunue mingine!"

Wifi akapuliza chai yake. "Kikulacho ki nguoni mwako. Na wewe tena nguo ndiyo kazi yako."

Wekeni akiba msemo huo. Tutauhitaji.

Sauti zile zilimtoa Kinyozi mezani, kikombe chake mkononi. Huyu ndiye mume wa Mama Cherehani, na ndiye mwanamume msafi kuliko wote katika hadithi hii. Viatu vyeupe, shati limenyooka, harufu ya manukato inamtangulia kama mjumbe. Siku hizi hutoka alfajiri, jogoo akiwa bado anatafuta sauti. Anasema watu wa ofisini wanataka kunyolewa kabla ya kwenda kazini. Jua likishapanda hurudi nyumbani kunywa chai.

"Kuna nini, mke wangu?"

"Gusa hapo."

Hakugusa. Aliinama kidogo, akachungulia, akarudi nyuma hatua kama mtu aliyeonyeshwa nyoka.

"Nitachafuka. Sasa sikiliza. Mpe huyo fundi nyongeza yake, amalize, aende zake. Kelele hazijengi nyumba."

"Nimlipe mwizi?"

"Basi mfukuze. Leo hii. Tutatafuta mwingine. Ila mambo ya kuhesabu mifuko kila asubuhi acha, utapata presha bure."

Akajishika kiuno, uso ukajikunja.

"Mgongo bado?" Mama Cherehani akauliza, na hasira ikampungua kidogo. Jana yake tu alikuwa amemchua mgongo huo kwa dawa, akamchua na viganja, maana vilikuwa vimekauka na kupasukapasuka. Spiriti ya kuoshea mikasi, Kinyozi alimwambia.

"Bado. Unadhani kuinamia vichwa vya watu kutwa nzima ni mchezo?"

Geti likalia. Fundi alikuwa amefika.

Jina lake tumelisahau wote, hata yeye mwenyewe nadhani. Mtaa mzima unamwita Bado Kidogo, kwa sababu hilo ndilo jibu lake. Chumba kimekwisha? Bado kidogo. Unakuja lini? Bado kidogo. Inasemekana hata siku ya ndoa yake alipoulizwa kama amekubali alisema hivyohivyo, na bibi harusi akakaribia kuzimia. Nyuma yake alikuja msaidizi wake Sepetu, mtu mzima mwenye ndevu zilizoanza kuota mvi, mchanganyaji wa mchanga na saruji tangu sepetu zenyewe hazijawa na mpini wa chuma.

"Habari za asubuhi, mama."

"Sina habari. Njoo hapa. Lete kidole chako."

"Kidole?"

"Chomeka hapo."

Bado Kidogo akachomeka. Uso ukabadilika. Wewe uliyewahi kujenga unaijua sura ya fundi anayejifanya kushangaa, inafanana na ya mtoto mwenye sukari mdomoni. Hii haikuwa hiyo. Hii ilikuwa sura ya mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango wazi.

"Nani kajenga hapa?"

"Unaniuliza mimi?" Mama Cherehani akapiga makofi. "Jamani, njooni mmsikie! Mimi nishone suruali, ichanike makalioni, nimuulize mteja nani kashona?"

 Fundi alitoa msumari mfukoni, akachuchumaa, akakwaruza chini ya ukuta. Msumari ukateleza ukilia kwa ukali na kuacha mstari mwembamba tu. Akapanda kidogo, akakwaruza. Vilevile. Akasimama, akaupeleka usawa wa kifua.

Ukazama kama sindano kwenye pamba.

"Mama," akasema polepole, "huku chini nimejenga kwa mkono wangu. Huku juu kumejengwa siku ile."

"Siku ipi?"

"Siku uliyonipeleka ofisi ya mtaa."

Hapo Wifi akakohoa ndani ya kikombe.

Tusisahau mashtaka. Mifuko ilipoanza kupungua, Mama Cherehani hakungoja. Alimfikisha fundi mbele ya viongozi wa mtaa, akakalishwa kwenye benchi kutwa nzima akijieleza saruji imekwenda wapi. Na ili asikimbie, mama alilitwaa toroli lake, akalifungia kwenye bafu la uani lisilotumika, lile la karibu na mlango mdogo wa nyuma. Toroli likakaa rehani. Kazi lakini haikusimama. Sepetu alibaki akajenga peke yake, kwa sababu mama alitaka chumba chake.

"Usinigeuzie kibao!" mama akasema. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyekula saruji?"

"Sijasema hivyo. Nimeitwa mwizi mbele ya watu, nikavumilia. Toroli langu limefungwa kama mhalifu, nikavumilia. Lakini ukuta huu sio wangu."

"Sepetu!"

"Naam, mama."

"Siku ile ulichanganya nini?"

"Mchanga na saruji, mama. Ningechanganya nini kingine, karanga?"

"Saruji kiasi gani? Na usinidanganye, nakuona unavyopepesa."

"Napepesa kwa vumbi. Kiasi cha siku zote. Mfuko mmoja kwa matoroli matatu ya mchanga. Mungu ni shahidi, na huyu dada ni shahidi, maana alinikalia hapo kwenye kigoda ananisimanga tangu asubuhi."

Wote wakamgeukia Wifi.

"Kweli nilimsimanga," Wifi akasema. "Nilimwambia anakoroga kama mgonjwa anayekoroga uji. Lakini haki ya Mungu, kila mfuko aliufungua mbele yangu na kuumimina wote. Hata ule mfuko mtupu aliukung'uta."

Haya sasa.

Mfuko uliingia wote. Hakuna aliyeiba hata kijiko. Na ukuta ni unga.

Kinyozi akaweka kikombe juu ya tofali, akakichukua tena. "Basi ni saruji mbovu," akasema haraka. "Imepitwa na muda. Mambo yameisha, tuendelee."

"Bado kidogo, bosi," fundi akasema. Na safari hii hakuna aliyecheka. "Sepetu. Matoroli matatu ya toroli lipi?"

"Toroli... toroli. Lako si limefungiwa? Nilitumia lile kubwa."

"Lipi kubwa?"

"La muuza majani ya ng'ombe."

Bado Kidogo akatafuta pa kukaa, akakuta ndoo, akaikalia kinyumenyume. "Lile alilolipigilia mbao pembeni ili lichukue mzigo mkubwa?"

"Hilohilo! Acha tu. Nililisukuma mpaka mgongo ukataka kukatika. Na viganja hivi ona, saruji imevipasua vyote, mpaka leo nalala na mafuta mkononi."

Kuna kitu kilimgusa Mama Cherehani pale, kama uzi unaokwama kwenye kucha. Mgongo. Viganja. Lakini fundi alikuwa ameshaanza kupiga kelele, na uzi ukapotea.

"Matatu ya lile ni kama sita ya langu! Umenizamisha, Sepetu!"

"Wewe uliniambia matatu. Hukuniambia matatu ya nani."

"Sasa nani aliyeleta toroli la majani kwenye kazi ya ukuta?"

Sepetu akatazama chini. Wifi akatazama juu. Kinyozi akatazama viatu vyake vyeupe.

Mama Cherehani hakuwa na pa kutazama. Alikumbuka vizuri. Alikumbuka alivyolisukuma mwenyewe kutoka kwa muuza majani, amejifunga kanga kiunoni, anatembea kwa maringo. *Fundi akidhani bila toroli lake kazi itasimama, ataumbuka.*

Akaketi juu ya rundo la matofali.

"Ni kama kumpima mteja kwa futi yako," akasema kwa sauti ndogo, "halafu ukakata kitambaa kwa futi ya jirani iliyovutika. Mkono mmoja utafika magotini."

"Umeona, mama," fundi akasema.

"Nimeona."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutuachia neno la kumfariji mtu aliyejenga ukuta na ufa pamoja, kwa fedha yake, kwa haraka yake mwenyewe. Nami nikwambie kitu kwa upole: ukimshuku mtu sana, utamwangalia yeye mpaka usahau kuangalia kazi. Nimelipia somo hilo, karo yake haina risiti.

"Linta haimwagwi hapa," Bado Kidogo akasema. "Ukiweka zege juu ya huu uji, litashuka na ukuta wake, na vyerehani chini yake. Tubomoe kuanzia hapa kwenda juu, tujenge upya."

"Kwa saruji gani, fundi?"

 Stoo ilikuwa imebaki na mifuko ya kuhesabiwa kwa kope. Na Mama Cherehani hakuwa na pesa ya kununua mingine. Alikuwa ameshaimaliza.

"Ile iliyopotea," akasema, "ingetosha kujenga tena huku juu na linta yake ikabaki. Fundi, kuhusu ukuta nimekukosea. Nitakuomba radhi mbele ya walewale niliokushtaki kwao. Lakini ukuta ni jambo moja, mifuko ni jingine. Umeikula wewe?"

"Sikuila, mama."

"Nani basi?"

  Fundi akaokota mwiko wake, akaufuta kwenye suruali, akaufuta tena ingawa ulikuwa safi.

"Bado kidogo, mama."

"Bado kidogo nini? Unajua au hujui?"

"Nilikuomba nyongeza ya saruji kwa sababu ilikuwa inapungua. Sikukuambia imepungua vipi. Mimi ni mtu wa kazi. Nikiingia nyumba ya watu naacha masikio getini."

Sikilizeni jibu hilo! Mtu anayesema ameacha masikio getini, huyo ameshasikia.

"Mnaona?" Kinyozi akadakia. "Anazungukazunguka. Mwizi ni mwizi. Mke wangu, nilikwambia mfukuze."

Bado Kidogo akageuza shingo, akamtazama Kinyozi.  Alimtazama tu, kwa utulivu, muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Na Kinyozi, anayeshika wembe kwenye koo za watu bila kutetemeka, akamwaga chai kwenye kiatu.

Mama Cherehani aliliona hilo. Ule uzi ukakwama tena kwenye kucha.

"Tuanze kubomoa," fundi akasema. "Tukimaliza, kilichobaki stoo kitatuanzisha. Ila nirudishie toroli langu, mama. Bila hilo sipimi kitu hapa."

"Haki yako." Mama akavuta uzi shingoni. Kwenye uzi huo vilining'inia kastabini yake ya kushonea na ufunguo wa kufuli la bafu.

"Kaa, kaa," Kinyozi akasema. Alikuwa ameshaweka kikombe chini. "Nitalitoa mimi."

"Wewe?"

"Kwani mimi sina mikono?"

"Mikono unayo, mgongo ndio huna. Si umesema bado?"

"Umepona."

"Tangu lini?"

"Tangu... sasa hivi."

"Muujiza!" Wifi akainua kikombe. "Jamani, chai yangu inaponya viuno. Kesho naanza kuiuza kwa foleni."

"Kaka yako hajawahi kushika toroli tangu azaliwe," mama akamwambia Wifi, lakini macho yalikuwa kwa mumewe. "Wiki iliyopita nilimwomba asogeze ndoo ya mchanga, akaniambia vumbi linamletea mafua."

"Ninajaribu kukusaidia, nawe unanichambua kama dagaa!" Kinyozi akasema, na tayari alikuwa anashika njia ya uani. Alikwenda upesi, kama mtu ambaye hajawahi kuumwa mgongo maishani.

Mkononi mwake kitu kikametameta.

"Baba watoto."

Akasimama.

"Hicho ni nini mkononi?"

"Ufunguo."

"Wa wapi?"

"Wa... bafu."

"Kufuli lile lina funguo mbili. Mmoja huu hapa shingoni kwangu. Wa pili ulikuwa wako, na uliniambia umepotea. Nikatafuta chini ya kitanda, nikatafuta mifukoni mwa nguo chafu, nikamlaumu dada yako."

"Alinilaumu kweli," Wifi akasema. "Nilinuna siku nzima."

"Nimeuona leo asubuhi."

"Wapi?"

Kinyozi akauficha ufunguo nyuma ya mgongo. 

Mama Cherehani hakungoja jibu. Alimpita mumewe bila kumgusa, akaukata ua, kandambili zikipiga makofi sakafuni. Nyuma yake alikuja Wifi, kikombe mkononi. Nyuma ya Wifi, Sepetu. Fundi alibaki mwisho, anatembea kama mtu anayesindikiza maiti asiyemjua.

Ufunguo ukaingia. Kufuli likafunguka kwa ulaini. Lilikuwa limetiwa mafuta.

Hebu jiulize nawe, msomaji. Kufuli la bafu lisilotumika, linalolinda toroli la fundi mwenye kesi. Nani anapoteza mafuta yake hapo?

Mlango ukasukumwa.

Toroli lilikuwemo. Siku ile Mama Cherehani alikuwa amelisimamisha wima, limeegemea ukuta, akatoka kifua mbele. Sasa limekaa juu ya gurudumu lake, limeelekezwa mlangoni, tayari kwa safari. Juu yake kulikuwa na mwiko mpya ambao haukuwa wa Bado Kidogo. Ndani yake, kwenye kona, kulikuwa na mchanganyiko wa saruji na mchanga.

Siku alipolifungia, toroli lile lilikuwa kavu.

Mama Cherehani akanyoosha kidole. Kidole kilekile. Akaugusa ule mchanganyiko wa kijivu.

Kikazama. Mbichi. Wa alfajiri ya leo.

Na chini ya mwiko, limekunjwa vizuri kama kawaida ya mwenyewe, kulikuwa na taulo jeupe la kufutia mikono. Akalifunua. Lilikuwa limekakamaa kwa saruji, na humo ndani ya saruji zilinaswa nywele. Nywele fupifupi zilizokatwa, za vichwa vya watu wengi.

Kwa mara ya kwanza tangu mvua za mwaka juzi, ulimi wa Wifi ulichukua likizo.

Mgongo. Viganja. Alfajiri. Uzi ule sasa ulivutika wote kwa mkupuo, na pindo zima likafumuka.

Mama Cherehani akageuka, taulo mkononi. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Saruji yangu," akasema. "Chumba changu kinaingia kidole, vyerehani vyangu vinalala nje, na wewe unaamka gizani kwenda kujenga. Baba watoto, unajenga wapi? Na unamjengea nani?"

Kinyozi hakumtazama mkewe.

Alimtazama fundi. Akamnyooshea kidole.

"Wewe! Si tulikubaliana hutasema?"

Bado Kidogo akavua kofia yake, akaipigapiga gotini, vumbi likaruka.

"Sijasema, bosi," akajibu. "Limesema toroli."